Baridi ya Safarini: Jiko la Mkaa Libaki Nje ya Tela

UKURASA WA MAMA NYUMBANI

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi yetu ya baridi, na sisi wa nyanda za juu za Tarime hatuhitaji kuambiwa. Asubuhi ukungu umelala juu ya migomba na mikahawa, watoto wanagombania nafasi karibu na mafiga, na sweta zilizokaa sandukuni zinatafutwa. Lakini ndiyo miezi ya safari pia. Shule hufungwa, harusi huwa nyingi, na vikundi vya akina mama na kwaya hualikwa kuwatembelea wenzao wa mbali.

Kwa hiyo tuzungumze juu ya mama anayesafiri na jamaa yake wakati wa baridi na kulala njiani, hasa anayetumia tela la safari. Hata kama huna tela wala hutarajii kulipata, tafadhali usifungue ukurasa mwingine. Utakayosoma hapa yanahusu pia chumba unacholala usiku wa leo.

TELA LA SAFARI NI KITU GANI?

Zamani tukisikia neno tela tulifikiria lile linalovutwa na trekta, limejaa mahindi au mawe. Siku hizi katika barabara ya kutoka Sirari kupitia Tarime kwenda Musoma na Bunda tunaona tela la namna nyingine. Ni dogo, lina magurudumu makubwa ya kuhimili barabara mbovu, hema limekunjwa juu yake, na pembeni lina tangi la maji, jiko la gesi na droo za vyombo. Linavutwa na Land Cruiser au Land Rover. Wengi waliolileta ni wageni wanaovuka Afrika kwa gari, hasa kutoka Afrika Kusini. Lakini zipo familia na vikundi vyetu vinavyokodi, na wengine humpelekea fundi wa kuchomelea tela la kawaida akalijengea bodi na paa.

Faida yake inaonekana. Familia ya watu 5 au 6 inabeba godoro, sufuria, unga na maji yake yenyewe. Ikifika jioni mnafungua hema, mnapika, mnalala. Gharama ya nyumba ya wageni inapungua.

Tuchukue mfano wa familia inayotoka Tarime kwenda kwenye harusi Karatu au Arusha. Njia moja ni kupita Nyamongo, kuvuka mto Mara na kufika Mugumu. Kutoka hapo unaingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa lango la Ikoma, unapita Seronera na lango la Naabi, kisha unapanda Ngorongoro. Kumbukeni kwamba tangu mwaka 1959 Ngorongoro ina mamlaka yake, mbali na Serengeti, kwa hiyo malipo ni ya sehemu mbili. Ulizeni mapema ada ya watu, ya gari na ya tela, pamoja na mahali panaporuhusiwa kulala. Ndani ya hifadhi magari hayaruhusiwi kutembea usiku, kwa hiyo ukichelewa huna budi kulala hapo ulipo. Hapo ndipo baridi inapowakuta wengi hawajajiandaa.

KWA NINI KULE NI BARIDI HIVYO?

Wengi hudhani kwamba mbuga ni mahali pa joto, kwa sababu mchana jua linachoma na vumbi linawaka. Lakini joto hupungua kadiri unavyopanda. Kwa wastani hupungua nyuzi 6 au 7 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Ufuko wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambapo wasafiri wengi huweka mahema, uko karibu mita 2,300. Ndiyo kusema mtu aliyeamka Musoma na kulala Ngorongoro amepoteza nyuzi 7 au 8 kwa kupanda tu, kabla hujahesabu upepo na ukungu unaolowanisha kila kitu. Katika miezi hii usiku wa huko hushuka chini ya nyuzi 10 mara kwa mara, na nyakati nyingine hukaribia kabisa kiwango cha maji kuganda. Wenzetu wa Makete na Njombe wanaijua vizuri hali hiyo, maana sakitu, yaani umande ulioganda, huwaunguzia viazi shambani.

Tela nalo lina tabia yake. Bati na turubai havihifadhi joto kama ukuta wa tofali au wa udongo. Jua likizama, bati hupoa mara moja, na chini ya sakafu upepo unapita. Mtoto akianza kulia kwa baridi saa 8 za usiku, mama hutafuta msaada wa haraka. Mara nyingi jicho lake huangukia lile jiko la mkaa lililopikia ugali, ambalo bado lina makaa mekundu mazuri, yasiyo na moshi. Anawaza: niliingize kidogo tu, mtoto apate joto.

Mama mwenzangu, hapo ndipo ninapokuomba usimame.

NYUMBA YA BIBI NA NYUMBA YETU

Kila ninapolizungumza jambo hili, mtu huniambia: "Mbona bibi zetu walilala na moto ndani na wakazeeka?" Ni swali la haki, nalo linastahili jibu zuri.

Nyumba ya bibi iliezekwa kwa nyasi. Katikati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi, na nyasi zenyewe zilipitisha hewa. Ukitazama nyumba ile asubuhi ungeona moshi unatoka kila mahali, kana kwamba paa linapumua. Macho yaliuma, vifua vilikohoa na watoto waliungua, hatukatai, lakini hewa ya sumu ilipata pa kutokea.

Sisi tumejenga kwa tofali na saruji. Tumeweka bati, dari, vioo madirishani, na kitambaa chini ya mlango kuzuia upepo. Tela ndilo limezidi, kwani ni sanduku dogo lililozibwa kila upande ili vumbi lisiingie. Moto ule ule ambao bibi aliishi nao, ukiwekwa katika sanduku lisilopumua, unaua. Tumebadili nyumba lakini hatujabadili desturi ya moto.

Aidha, bibi alitumia kuni, ambazo moshi wake humwamsha mtu. Mkaa hauna moshi wa kuonekana, ndiyo maana tunaudhani ni mwema. Kumbe mkaa unaowaka katika chumba kisicho na hewa hutoa kwa wingi gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ukiivuta huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni, ile hewa safi tunayoishi kwayo. Tena huishika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Basi damu inazunguka mwilini lakini haina kitu cha kupeleka kwenye ubongo na moyo. Aliyelala huzidi kulala. Wengi hawaamki kupiga kelele wala kuomba msaada.

Kwa mama mjamzito hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa gesi hii huvuka na kuingia katika damu ya mtoto aliye tumboni, na hukaa humo muda mrefu kuliko katika damu ya mama. Mama anaweza kupata nafuu na mtoto asiipate.

DALILI ZINAZOFANANA NA MALARIA

Jambo hili nataka ulishike sana, kwa sababu sisi wa Mara tunaijua malaria kuliko tunavyoijua sumu hii. Dalili za kwanza za gesi ya mkaa ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kuishiwa nguvu na usingizi usio wa kawaida. Mama akiziona husema moja kwa moja, "Homa imetushika," huwapa watu dawa za maumivu na kuwafunika vizuri zaidi mle mle chumbani.

Unawezaje kutofautisha? Jiulize maswali matatu:

1. Je, watu wawili au zaidi waliolala chumba kimoja wameamka wakiumwa kichwa kwa pamoja? Malaria haiwashiki watu wote saa moja.

2. Je, mtu anapata nafuu akikaa nje kwenye hewa, na kuzidiwa akirudi ndani?

3. Je, usiku huo kulikuwa na jiko la mkaa, la mafuta ya taa au la gesi ndani, au jenereta karibu na dirisha?

Ikiwa majibu ni ndiyo, usingoje. Fungua milango na madirisha, mtoe kila mtu nje, toa jiko, kisha waende hospitali hata kama wanasema wamepona. Aliyepoteza fahamu alazwe ubavu, na kama hapumui, anayejua kumsaidia kupumua aanze mara moja. Anayeingia kuokoa asikae ndani, bali avute pumzi nje, aingie, avute mtu, atoke. Wengi wamekufa wakiokoa wenzao.

Mkifika, mwambieni mganga waziwazi: "Tulilala na jiko la mkaa." Msione aibu, wala msiogope kulaumiwa. Dawa yake ni oksijeni. Mtu akivuta hewa ya kawaida, gesi hupungua nusu katika damu baada ya saa 4 hadi 6, lakini akipewa oksijeni tupu, hupungua nusu kwa muda wa saa moja au moja na nusu hivi. Tena kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kinaweza kudanganywa na gesi hii na kuonyesha namba nzuri. Kwa hiyo maneno yako mama ndiyo yatakayomwongoza mganga.

TUPATE JOTO KWA NJIA GANI BASI?

Haitoshi kumwambia mama "usifanye hivi" bila kumwonyesha afanye nini. Kanuni ni moja, nayo ni kuupasha joto mwili, si tela. Mwili wako wenyewe ni jiko linalowaka usiku kucha, na kazi yako ni kulizuia joto lake lisikimbie.

1. Anza na chini. Wengi hujifunika mablanketi matatu na kulala juu ya godoro jembamba. Baridi ya sakafu hula joto kuliko baridi ya juu. Tandika maboksi ya karatasi ngumu, kisha mkeka, kisha godoro, kisha blanketi moja ndipo ulale. Blanketi la chini lina kazi kubwa kama la juu.

2. Badili nguo kabla ya kulala. Nguo ulizovaa mchana zina jasho hata kama huoni unyevu, na kitu chenye unyevu hunyonya joto. Weka pembeni nguo kavu za kulalia za kila mtu, pamoja na soksi, na usiziguse mchana. Kofia ya sufu ni muhimu, hasa kwa watoto na wazee.

3. Vaa nyingi nyepesi badala ya moja nzito. Kitenge juu ya fulana, sweta juu ya kitenge. Hewa iliyokamatwa katikati ndiyo inayotunza joto. Usibane soksi mbili mpaka damu ishindwe kupita.

4. Chupa ya maji ya moto. Chemsha maji nje, yaache yapoe kidogo, tia katika chupa ngumu yenye kifuniko kisichovuja, izungushie taulo au khanga nzito, uiweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Kwa mtoto mdogo, pasha kitanda chake kwa chupa hiyo, kisha iondoe kabla ya kumlaza. Ngozi ya mtoto huungua upesi.

5. Kula kabla ya kulala. Jiko la mwili linahitaji kuni. Uji wa wimbi wenye maziwa na karanga, au ugali na mboga iliyoungwa kwa mafuta, utampa mtoto joto mpaka alfajiri. Pombe isidhaniwe kuwa dawa ya baridi. Humfanya mtu ajisikie moto kwa sababu huleta damu kwenye ngozi, na hapo joto la ndani linatoka nje. Mlevi hupoa upesi na hajui kwamba anapoa.

6. Acha tundu la hewa. Hili huwashangaza wengi. Kila anayelala hutoa mvuke kwa pumzi yake, na watu 4 kwa usiku mmoja wanaweza kutoa karibu lita moja ya maji. Ukiziba kila mahali, mvuke huo hugeuka matone kwenye bati na turubai, huwadondokea, na alfajiri mablanketi yamelowa. Fungua kidogo upande wa juu, na upande wa pili usioelekea upepo. Mtapata baridi kidogo lakini mtakuwa wakavu, na mkavu hushinda baridi. Asubuhi anika kila kitu hata kama mna haraka.

7. Ndoo yenye mfuniko. Usiku watoto wasitoke nje kujisaidia. Kambi za Serengeti na Ngorongoro nyingi hazina uzio, na wanyama hupita. Kwa sababu hiyo hiyo vyakula vyote vifungwe ndani ya gari, si ndani ya hema, na masufuria yaoshwe kabla ya kulala.

MTOTO MCHANGA NA MZEE

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko sisi, kwani ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake mdogo. Ikiwezekana, safari ya baridi kali isubiri mpaka akue. Kama hakuna budi, jiko lake bora ni kifua cha mama. Mvue, mbakishie kofia, soksi na nepi, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, kisha mjifunike pamoja huku uso wake ukiwa wazi. Njia hii, wauguzi huiita njia ya kangaruu, ilianza kutumiwa mwaka 1978 huko Bogota, Kolombia, katika hospitali iliyopungukiwa na mashine za kuwatunzia watoto njiti. Leo inatumika katika hospitali nyingi duniani na hapa kwetu. Ifanye ukiwa macho, au mtu mwingine akiwa macho nawe. Ukizidiwa na usingizi, mpe baba naye awe kifua cha joto.

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Akiwa na tumbo la baridi na si mikono tu, akiwa mlegevu na hataki kunyonya, huyo amepoa kupita kiasi na anahitaji msaada wa mganga.

Mzee naye hutetemeka kidogo kuliko kijana, kwa hiyo usingoje akwambie anaona baridi. Mshike mikono, sikiliza kama maneno yake yanaburuzika.

JIKONI NA KWENYE MATANGI

Mahali pa juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Katika ukingo wa Ngorongoro huchemka yakiwa karibu nyuzi 92. Ndiyo sababu maharage yanakataa kuiva, wala si kosa la mpishi. Yaloweke tangu asubuhi mkiwa njiani, au yachemshe nyumbani kabla ya safari. Maji ya kunywa, yakianza kutokota, yaache yaendelee kwa dakika 3 badala ya moja.

Mtungi wa gesi nao huzubaa kwenye baridi, na moto wake hupungua. Usiupashe moto kwa makaa, wala usiuingize ndani unapolala. Uweke wima mahali pasipo na upepo, na pikia nje au chini ya turubai lililo wazi pande zote.

Haya machache ni ya kumkumbusha baba na dereva. Betri hupungua nguvu kwenye baridi, kwa hiyo taa za tela zisiachwe zikiwaka. Mizigo mizito ikae chini, na ielekee mbele kidogo ya ekseli ili tela lisiyumbe. Barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo, kama ile ya Naabi kwenda Ngorongoro, hulegeza nati, basi zikaguliwe kila mnaposimama. Na kama mna safari ya mahali penye kuganda kweli, maji yaondolewe katika mabomba usiku. Maji yakiganda hutanuka karibu sehemu 9 katika 100, na bomba hupasuka. Wenye matela ya namna hii Ulaya na Kanada hufanya hivyo kila yaingiapo majira ya baridi.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Tukiacha dirisha wazi kidogo, hatuwezi kuingiza jiko? Hapana. Tundu la hewa ni la pumzi na mvuke. Halitoshi kutoa gesi ya mkaa, na upepo ukigeuka linaweza hata kuirudisha ndani.

Tukiweka sufuria ya maji juu ya jiko, maji hayanyonyi sumu? Hayanyonyi. Wala kitunguu, wala chumvi.

Makaa yakifunikwa na majivu je? Hapo ndipo yanapodanganya zaidi. Makaa yanayofifia bado yanatoa gesi. Jiko hata likionekana limezimika lilale nje, mbali na mlango.

Tunaweza kulala ndani ya gari injini ikinguruma? Hapana. Moshi wa injini una gesi ile ile, na bomba likiwa limeziba kwa tope au nyasi, au gari likiwa karibu na tela, gesi huingia mlikolala.

Je, kipo kifaa cha kuonya? Kipo, king'ora kidogo cha betri kinacholia kikisikia gesi hii. Mwenye tela akiweza kukipata ni vizuri sana. Lakini kisiwe ruhusa ya kuingiza jiko.

TUKIRUDI NYUMBANI

Sasa nifike kwenye chumba chako. Tela linatufundisha kwa sababu ni dogo na hatari yake ni ya upesi, lakini chumba cha tofali kilichozibwa ni tela lisilo na magurudumu. Katika nyumba nyingi za Tarime na Serengeti, mama akijifungua wakati wa baridi, jiko la mkaa huingizwa chumbani kwa mzazi. Linaingizwa kwa upendo. Mama mkwe au shangazi ndiye anayelileta, amelipuliza mwenyewe, na amefunga dirisha kwa mikono yake ili mjukuu asipate kichomi. Mwali wa nyumba hiyo atasema nini? Akikataa, ataitwa mjuaji, na kwa desturi yetu si vizuri mkwe kubishana na mama mkwe akiwa bado kitandani.

Ushauri wangu ni kwamba neno hili lisisubiri siku ya kujifungua. Lisemwe miezi kabla, mkiwa mmekaa vizuri, na lisemwe na mtu sahihi. Baba wa mtoto ndiye anayefaa kumwambia mama yake, kwa adabu: "Mama, tunashukuru jinsi unavyotutunza. Nyumba hii haipumui kama ile ya kwako ya nyasi, na mkaa humu ni hatari. Tunaomba utuchemshie maji ya moto na utusaidie kumshika mtoto kifuani." Hapo mama mkwe hajanyang'anywa kazi yake, bali amepewa iliyo bora. Kama baba ni mgumu, nendeni naye kliniki, muuguzi amweleze. Na wewe uliye mama mkwe, unayesoma ukurasa huu kwa miwani yako, ukisema wewe hakuna atakayebisha. Neno lako moja linaweza kuwaokoa mama na mtoto kwa siku moja.

Kwa wenye safari, fanyeni desturi hii. Kabla ya sala ya jioni, mama ahesabu watu na kuuliza kwa sauti: "Jiko liko wapi?" Watoto wajibu: "Liko nje!" Wakizoea kujibu hivyo safarini, watajibu hivyo hata watakapokuwa na nyumba zao wenyewe.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaangalia jinsi ya kuhifadhi mahindi ghalani bila dawa kuingia chakulani. Endeleeni kutuandikia. Nawatakieni safari njema na usiku wa joto.